Kaseti ya Babu: Jinsi ya Kuzitunza Kanda za Zamani Nyumbani

Wenzangu wengi huandika juu ya mpira, safari za kwaya na mambo ya bwenini. Mimi nataka kuandika juu ya kitu kidogo kilichomo katika nyumba nyingi, chini ya kitanda au juu ya kabati, ambacho hakitazamwi na mtu mpaka siku kinapoharibika. Kitu chenyewe ni kaseti. Najua baadhi ya wadogo zetu wa kidato cha kwanza hawajapata kuishika hata moja. Lakini wanafunzi wa zamani wanaosoma gazeti hili wanazijua sana, na nadhani wengi wao wanazo mpaka leo.

Naandika kwa sababu niliiharibu kaseti ya babu yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Afadhali niwaeleze mambo yalivyokuwa, ili mtu mwingine asirudie kosa lile lile.

Kaseti iliyosafiri kwa baiskeli

Kwetu ni Arua, upande wa West Nile. Baada ya vita vya mwaka 1979 vilivyomwondoa Idi Amin, watu wengi wa kwetu walikimbia. Wengine walivuka mpaka wakaingia Zaire, ndiyo Kongo ya leo, na wengine wakaenda Sudan. Bibi yangu alikimbilia upande wa Yei, katika Sudan, akiwa na watoto wanne. Baba yangu alikuwa wa tatu, mtoto mdogo tu. Babu walipotezana njiani, naye akatokea Aru, upande wa Zaire.

Siku zile simu za mkononi hazikuwapo, na bibi hajui kusoma. Kwa hiyo babu hakuandika barua. Aliazima redio kaseti, akakaa mahali pa kimya, akasema maneno yake. Kaseti ikafungwa katika kitambaa, akapewa mchuuzi wa baiskeli. Ilipita katika mikono ya watu wengi, nayo ilimfikia bibi mwaka 1982. Babu mwenyewe hakufika. Aliugua akafa mwaka 1984, akazikwa huko huko ugenini. Bibi aliporudi nyumbani mwaka 1986 alirudi na watoto wake, sufuria mbili, na kaseti ile.

Hatuna picha ya babu. Kaseti hiyo ndiyo kitu pekee kilichobaki cha mtu yule. Bibi aliiweka katika kopo la majani ya chai, juu ya boriti ya jiko lake. Alipenda kusema, “Mume wangu mkubwa yumo ndani ya kopo, na mume wangu mdogo ndiye wewe.” Ndivyo bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao.

Katika likizo ya Desemba niliona redio kaseti kuukuu katika nyumba ya jirani. Nikaiazima, nikatia betri mpya, nikamwita bibi, nikaitia kaseti bila kuitazama. Nilitaka kumfurahisha. Sauti ilitoka kidogo tu, nzito kama ya mtu mwenye usingizi, kisha ikalia kama panya, kisha kimya. Nilipofungua mlango wa redio, utepe ulikuwa umejisokota katika gurudumu la mpira kama uzi katika cherehani mbovu. Nami, kwa haraka na hofu, nikauvuta.

Bibi hakunigombeza. Alisimama, akachukua ufagio, akaenda kufagia uwanja uliokuwa umekwisha fagiwa asubuhi. Afadhali angenipiga.

Kesho yake nilikwenda mjini kwa mzee mmoja fundi wa redio. Aliitazama kaseti, akanitazama mimi, akasema, “Kijana, kaseti haikufa kwa uzee. Imeuawa na haraka.” Nilikaa naye siku nne. Mengi ninayoyaandika hapa nimeyapata kwake, na mengine nimeyasoma baadaye katika vitabu vya maktaba yetu na kumwuliza mwalimu wetu wa fizikia.

Kaseti ni kitu gani?

Kabla ya kutunza kitu yafaa kukijua. Mtu wa kwanza kunasa sauti kwa nguvu ya sumaku alikuwa Mdenmark, Valdemar Poulsen, mwaka 1898. Yeye alitumia waya wa chuma. Mwaka 1928, huko Ujerumani, Fritz Pfleumer alipaka unga wa chuma juu ya ukanda wa karatasi, na hapo ndipo ilipozaliwa kanda tunayoijua. Kwa miaka mingi kanda zilizungushwa juu ya magurudumu makubwa yaliyo wazi, nazo zilikuwa kazi ya vituo vya redio na watu wenye fedha.

Kaseti ndogo ilitolewa na kampuni ya Philips ya Uholanzi, ikaonyeshwa Berlin mwaka 1963. Mkuu wa kazi hiyo alikuwa mhandisi Lou Ottens. Inasemwa kwamba alichonga kipande cha mti kinachoingia katika mfuko wa koti lake, akawaambia wenziwe kuwa chombo wanachokitengeneza kisizidi ukubwa huo. Kisha Philips iliruhusu viwanda vingine kutengeneza kaseti bila kulipa ada, mradi wafuate vipimo vile vile. Ndiyo maana kaseti iliyonunuliwa Nairobi iliweza kuingia katika redio iliyotoka Japani na kusikika Aru.

Ukifungua kaseti utakuta utepe mwembamba wenye upana wa milimeta 3.81. Utepe huo una tabaka mbili. Ya kwanza ni plastiki nyororo iitwayo poliesta, ndiyo mgongo wake. Ya pili ni gundi iliyochanganywa na chembe ndogo mno za sumaku, ambazo katika kaseti za kawaida ni oksidi ya chuma, ndugu yake kutu. Rangi yake ya kahawia inatoka hapo. Unaponasa sauti, kichwa cha mashine huzipanga chembe hizo kwa nguvu ya sumaku. Unaposikiliza, chembe zile zile hupita mbele ya kichwa na kuamsha umeme kidogo, na umeme huo hufanywa sauti. Kwa hiyo sauti ya babu ni mpangilio wa chembe za kutu zilizoshikwa na gundi. Gundi ikiharibika, au plastiki ikikunjamana, sauti nayo huharibika.

Utepe huenda kwa mwendo wa sentimeta 4.76 kila sekunde. Fanyeni hesabu: kaseti ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande, yaani sekunde 1,800. Zidisha, utapata meta 86 hivi. Utepe wa karibu urefu wa uwanja wa mpira umo ndani ya kiganja chako. Kaseti ya dakika 90 ina meta 130 hivi, na ile ya dakika 120 meta 170 na zaidi. Ili urefu huo uenee katika sanduku lile lile, utepe hufanywa mwembamba zaidi. Gawanya milimeta moja mara elfu: utepe wa kaseti ya 60 una unene wa kama sehemu 18 hivi, wa 90 sehemu 12, na wa 120 sehemu 9 tu. Basi, mwenye kaseti ya dakika 120 aishike kama yai, maana ndiyo inayonyooka, kukunjamana na kukatika upesi kuliko zote.

Adui wa kaseti

Adui wa kwanza ni joto. Kaseti iliyoachwa katika gari lililofungwa juani hupinda kama mkate uliokaushwa, na magurudumu yake hayazunguki tena. Chini ya bati bila dari nako hakufai, maana mchana ni tanuri na usiku ni baridi. Kupanda na kushuka huko kwa joto huufanya utepe ujikaze na kulegea kila siku, mpaka mzingo wake unaharibika.

Adui wa pili ni unyevu. Gundi ya utepe hunywa maji ya hewani polepole, ikalainika. Ukungu nao hupenda mahali penye unyevu na giza. Ukitazama katika kidirisha cha kaseti ukaona vumbi jeupe kama unga kandokando ya mzingo wa utepe, huo ni ukungu. Usiicheze kaseti hiyo hata kidogo. Ukiicheza utauchana utepe, na utakipaka ukungu kichwa cha mashine, kisha kila kaseti itakayofuata itaambukizwa. Tena ukungu ni mbaya kwa mapafu ya mtu. Iweke peke yake, mahali pakavu penye hewa, mpaka uipate fursa ya kuipeleka kwa fundi.

Adui wa tatu ni vumbi na moshi. Hapa ndipo kopo la bibi lilipokosa. Boriti ya jiko ni pakavu, kweli, na panya hawafiki. Lakini moshi wa miaka karibu 40 uliingia koponi kidogo kidogo, ukaacha mafuta na masizi. Chembe moja ya mchanga katikati ya utepe na kichwa cha mashine hukwaruza kama msumari juu ya ubao.

Adui wa nne ni sumaku. Watu wengi huiogopa kuliko inavyostahili, na wengine hawaijui kabisa. Nguvu ya sumaku hupungua upesi kwa umbali. Kaseti iliyoko upande wa pili wa chumba haina hatari, lakini iliyowekwa juu ya spika kubwa yaweza kufutika. Iweke mbali kwa meta moja, nawe ulale usingizi.

Adui wa tano ni sisi wenyewe. Sisi ndio tunaorekodi nyimbo juu ya sauti za wazee, tunaotumia mashine mbovu, na tunaovuta utepe kwa haraka. Mimi ni shahidi.

Jinsi ya kuziweka

Wataalamu wa hifadhi kubwa huweka kanda katika vyumba vyenye baridi ya nyuzi 18 hadi 20 za Selsiasi, na hewa yenye unyevu wa asilimia 30 hadi 40. Nyumbani kwetu hatuna vyumba hivyo, wala si lazima kukata tamaa. Kinachotakiwa ni mahali penye ubaridi, pakavu, pasipobadilikabadilika. Haya ndiyo mambo ambayo kila mtu anaweza kuyafanya:

1. Chagua chumba cha katikati ya nyumba, mbali na jiko na mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Usiweke kaseti sakafuni, maana huko ndiko maji na mchwa wanakoanzia.

2. Kila kaseti iwe ndani ya kasha lake la plastiki. Zisimamishe wima kama vitabu katika maktaba. Ukizilaza, utepe huteremka na kuelemea upande mmoja.

3. Kabla ya kuiweka, icheze mpaka mwisho kwa mwendo wa kawaida. Usiizungushe kwa mbio, maana mbio huacha mzingo usio sawa, na kingo za utepe zinazotokeza hukunjamana.

4. Tia kaseti katika sanduku lenye mfuniko. Vile vipakiti vidogo vya chembechembe vinavyotiwa katika masanduku ya viatu vipya msivitupe, hunywa unyevu. Lakini kwanza hakikisha kaseti zenyewe ni kavu. Ukifungia unyevu ndani, umewajengea ukungu nyumba.

5. Usiweke kaseti katika friji. Ukiitoa, unyevu wa hewa ya nje hugeuka maji juu yake, kama ifanyavyo chupa ya soda.

6. Ishike kaseti kwenye kasha lake tu. Usiguse utepe kwa kidole, kwa kuwa mafuta ya mkono hushika vumbi.

7. Vunja vijino vya nyuma. Kila kaseti ina vijino viwili vidogo vya plastiki katika ukingo wa nyuma, upande ulio mkabala na utepe unaoonekana. Ukiishika upande wa kwanza ukikutazama, na vijino vikiwa juu, kijino cha kushoto ndicho cha upande huo. Kikivunjwa, mashine haitakubali kurekodi tena juu yake. Kazi hii ni ya nusu dakika, nayo ingaliokoa sauti nyingi zilizofutwa na vijana waliotaka nyimbo za redioni.

Jinsi ya kuicheza kaseti ya zamani

Fundi alinifundisha kwamba mashine ndiyo inayoua, basi mashine itazamwe kwanza. Funga kijiti pamba safi, uichovye kidogo katika spiriti, usugue kichwa na kile kijiti cha chuma kinachovuta utepe, mpaka pamba itoke nyeupe. Gurudumu la mpira lisuguliwe kwa pamba yenye maji kidogo, kisha likauke, maana spiriti inaweza kuukausha mpira ukapasuka. Mikanda ya mpira ndani ya redio hulegea kwa miaka; ndiyo sababu sauti ya babu ilitoka nzito. Mkanda mpya hauna gharama kubwa. Tena, redio inayokaa bila kazi itolewe betri, kwa kuwa betri zikivuja huila mashine.

Ukimaliza, jaribu kwanza kwa kaseti usiyoijali. Ikicheza upande mzima bila kosa, ndipo ulete ile ya thamani.

Kaseti iliyokaa miaka mingi bila kuchezwa usiichezeshe mara moja. Tia kalamu ya risasi yenye pembe sita katika tundu la gurudumu, uzungushe polepole. Usikie kwa mkono kama kuna mahali panaposhika. Kisha ipeleke mpaka mwisho na kuirudisha mwanzo, ili tabaka za utepe ziachane taratibu.

Mara nyingine utepe ni mzima na kasha ndilo bovu. Katika kasha kuna kipande kidogo cha sufi juu ya kibati chembamba, kinachousukuma utepe uguse kichwa. Gundi yake hukauka, sufi ikaanguka, na sauti ikafifia. Watu hudhani sauti imekufa, kumbe ni kipande cha sufi tu. Kaseti zenye skrubu tano waweza kuzifungua kwa bisibisi ndogo na kuuhamishia utepe katika kasha jingine zima. Zile zilizounganishwa kwa gundi mwachie fundi. Utepe uliokatika huungwa kwa utepe wa gundi uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Msitumie ule wa kufungia karatasi ofisini, maana gundi yake hutambaa kwa joto ikashika tabaka za jirani.

Kuna siri nyingine. Ikiwa sauti ni nzima lakini imeziba, kama mtu anayesema nyuma ya blanketi, yaweza kuwa kichwa cha mashine yako hakikuelekea sawasawa na kile cha mashine iliyorekodi. Kando ya kichwa kuna skrubu ndogo. Fundi huizungusha kidogo sana huku anasikiliza, mpaka maneno yanafunguka. Tulipofanya hivyo kwa kaseti yetu, babu alitoka nyuma ya blanketi.

Sekunde sita

Fundi alikata skrubu za kaseti, akaufungua utepe uliosokotwa, akaunyosha juu ya kioo kwa kitambaa laini, bila joto na bila nguvu. Sehemu niliyoivuta ilikuwa sentimeta 30 hivi. Nilipojifunza mwendo wa utepe nilifanya hesabu: 30 kwa 4.76 ni sekunde sita na kitu. Nikafurahi. Sekunde sita ni nini katika saa nzima?

Tulipousikiliza pamoja nyumbani, na safari hii baba alikuwapo, babu alianza kwa kumsalimu bibi kwa Kilugbara. Akauliza habari za chakula. Kisha akawaita watoto mmoja mmoja kwa majina, akimwambia kila mmoja neno lake. Alimtaja wa kwanza. Akamtaja wa pili. Ndipo sauti ikazama, ikawa mngurumo kama wa mtu anayesema ndani ya maji, na ilipoinuka alikuwa amekwisha anza habari za wa nne.

Baba alikaa kimya. Kisha akasema, “Si kitu. Najua alinitaja.” Akatoka nje.

Ninyi mnaosoma haya, msidharau sekunde sita.

Kunakili, na kuuliza

Hata kaseti iliyotunzwa vizuri haitaishi milele, na mashine nzuri za kuichezea hazitengenezwi tena kama zamani. Mwaka 2019 UNESCO ilishiriki katika mradi wa kuwatahadharisha walimwengu kwamba kanda za sumaku zinakaribia kupotea, si kwa sababu ya utepe tu, bali kwa sababu mashine, vipuri na mafundi wanakwisha. Kwa hiyo dawa ya mwisho ni kunakili sauti katika kompyuta.

Kazi si ngumu. Waya mmoja hutoka katika tundu la sikio la redio na kuingia katika tundu la sauti la kompyuta. Kuna programu isiyouzwa iitwayo Audacity inayotosha kabisa. Kwanza jaribu kiasi cha sauti, kisipande mpaka kikapasuka. Kisha acha upande mzima upite bila kusimamisha. Weka nakala ya kwanza katika faili la WAV, lisilobanwa, lenye sampuli 48,000 kila sekunde na biti 24. Kaseti ya saa moja itachukua kama GB 1. Nakala iliyobanwa ya MP3 ni ndogo sana, nayo yafaa kuwapelekea jamaa kwa simu, lakini isiwe ndiyo nakala ya pekee. Usijaribu kusafisha kelele katika nakala ya kwanza. Iache kama ilivyo, ufanye majaribio katika nyingine. Kisha uwe na nakala tatu: moja katika kompyuta, moja katika diski ya nje, na moja katika nyumba nyingine kabisa, maana moto hauchagui. Na kaseti yenyewe usiitupe. Vyombo vya kesho vitasoma vizuri kuliko vya leo.

Lakini kuna jambo ambalo mashine haiwezi kulifanya, nalo ndilo lililonifanya niandike. Nyuma ya kaseti ile hakuna maandishi yoyote. Katika upande wa pili anasikika mtu mwingine akikohoa na kucheka, kisha anaimba kidogo. Mimi sikumjua. Baba hakumjua. Bibi alisikiliza mara moja tu akasema, “Huyo ni mwenye redio, yule aliyempa babu yako mahali pa kulala.” Akataja jina lake, kijiji chake na wanawe. Niliandika yote katika daftari. Kama bibi angalitangulia kwenda kabla ya siku ile, sauti hiyo ingalibaki kelele tu, hata ikiwa katika kompyuta bora kuliko zote.

Kwa hiyo msinakili peke yenu. Keteni pamoja na mzee anayezijua sauti, mwe na daftari na kalamu. Andikeni nani anasema, wapi, mwaka gani, na maneno yanaanza dakika ya ngapi. Wala usiandike juu ya lebo mpya na kuitupa ya zamani, maana mwandiko ule nao ni habari.

Mwisho wa kaseti ya babu kuna maneno ya Kiswahili, na hayo niliyaelewa bila kutafsiriwa. Anamwomba kila atakayeipokea kaseti hii njiani aipeleke mbele, mpaka impate mke wake upande wa Yei, na anamshukuru kabla ya kumjua. Watu wasiojulikana majina walimtii. Waliichukua kwa baiskeli na kwa miguu, katika mvua, hawakuipoteza. Ilinifikia mimi, mwenye shule na umeme, nami ndiye niliyeivunja.

Tangu hapo nimeona katika kabati la kwaya hapa shuleni sanduku la kaseti kama 30, baadhi zimeandikwa miaka ya 1980 na 1990, baadhi hazikuandikwa kitu. Mwalimu wa kwaya ametupa ruhusa, na sisi wanafunzi watano tumezisimamisha wima, tumevunja vijino, na tutaanza kunakili muhula ujao. Ninyi wanafunzi wa zamani, sauti zilizomo ni zenu. Mkifika siku ya wazazi, njoni mkae nasi saa moja, mtuambie nani aliimba sauti ya tatu na nani alipiga ngoma. Sisi tutaleta daftari.

Na ninyi wenzangu, mkienda likizo, tazameni juu ya kabati na chini ya kitanda. Mkiikuta kaseti, msiitie katika redio siku ile ile. Mwulizeni kwanza bibi.